Steringi Anapokufa: Kwa Nini Jambazi wa Filamu za Kihindi Lazima Apende

Kwenye kibanda cha video mtaani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyehitaji kuiandika ukutani: steringi hafi. Atapigwa risasi ya bega, atatupwa mtoni na gunia la mawe, ataning'inizwa juu ya moto, lakini atarudi. Mwenye kibanda akiona watu wameanza kutafuta ndala zao atapaza sauti, "Tulieni, steringi hafi." Ndiyo maana usiku ulipowekwa mkanda wa Deewaar palizuka ugomvi. Amitabh Bachchan alikufa. Alikufa hekaluni, kichwa kwenye mapaja ya mama yake, na picha ikaisha hapo hapo. Kijana mmoja aliyekaa benchi la mbele alidai arudishiwe hela yake kwa sababu mkanda umekatwa.

Mkanda haukukatwa. Filamu ile ilitoka India Januari 1975, na tangu hapo jambazi wa sinema ya Kihindi amekuwa akifa kwa mtindo unaofanana mno: anapenda, anakaribia kuacha kazi yake, kisha anauawa. Si kila filamu, lakini ni nyingi kiasi kwamba mtazamaji mzoefu akimwona muuaji ananunua bangili anajua kwamba mwisho umekaribia. Huku kwetu jambo hili huelezwa kwa mkato. Mapenzi yamepachikwa tu ili nyimbo zipate pa kukaa, na kifo kimewekwa ili serikali isikasirike. Ukweli upo humo, nami nitaurudia, ila swali kubwa linabaki pale pale. Kwa nini hukumu ya jambazi haitoki kwa hakimu wala kwa polisi, bali kwa mwanamke? Kulijibu inabidi kwanza tutoke ukumbini, twende bandarini.

Biskuti za tola kumi

Neno letu jambazi linabeba watu wawili ambao Bombay iliwatofautisha kabisa. (Jiji lilibadilishwa jina kuwa Mumbai mwaka 1995, nitatumia jina la wakati ninaouzungumzia.) Wa kwanza alikuwa mtu wa magendo. Baada ya uhuru, India ilibana sana uingizaji wa dhahabu, na sheria ya mwaka 1968 ikamkataza mwananchi wa kawaida hata kuweka vipande au sarafu za dhahabu nyumbani. Hiyo ni nchi ambayo bibi harusi hatoki kwao mikono mitupu. Ng'ambo ya bahari, Dubai, dhahabu iliuzwa waziwazi. Basi biashara ikajileta yenyewe: majahazi yalivuka kutoka Ghuba hadi pwani ya magharibi ya India yakiwa na biskuti za dhahabu, kila moja tola kumi. Tola ni ileile anayoijua sonara wa Zanzibar na Mombasa, gramu kumi na moja na ushee. Biskuti kumi unazificha kwenye fulana iliyoshonwa mifuko, ukatembea nazo barabarani bila mtu kukugeukia.

Magendo hayo yalimtajirisha Haji Mastan, mtu wa kutoka Tamil Nadu aliyeanza kama kuli wa bandarini na kuishia kuvaa suti nyeupe na kupanda Mercedes. Aliwekwa ndani wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Juni 1975, akatoka, akaingia siasa, akafa mwaka 1994. Alipenda sinema hadi kutia pesa zake humo, akamwoa mwigizaji ambaye watu walisema amefanana na Madhubala, mrembo wa filamu za miaka ya 1950. Alikuwa na wenzake wa rika lake, Karim Lala Mpathani na Varadarajan aliyetawala pombe haramu, kwa kuwa Bombay nayo ilikuwa na sheria ya mwaka 1949 ya kupiga marufuku ulevi. Kila katazo lilizaa tajiri wake.

Mtu wa magendo hamwibii jirani. Anayeibiwa ni forodha, na nani hulia forodha ikiibiwa? Ndiyo maana Vijay wa Deewaar, yule aliyechezwa na Amitabh, ambaye wengi waliamini amechorwa kwa kivuli cha Mastan, angeweza kupendwa na ukumbi mzima. Yeye pia ni kuli. Mabaunsa wa bandari wanapokuja kudai sehemu ya mshahara wa makuli, anakataa. Wakimsaka anawasubiri ghalani kwao, anafunga mlango kwa ndani na kuwarushia ufunguo ili wajue hakuna anayetoka. Kifuani amevaa beji ya kuli yenye namba 786, na mzee mmoja Mwislamu anamweleza maana yake. Mtazamaji wa Pemba au Lamu hakuhitaji kuelezwa. Namba hiyo tunaiandika juu ya barua na milangoni mwa maduka badala ya Bismillahi. Beji hiyo inamkinga na risasi. Siku inapomponyoka mkononi, tunajua.

Popoo, sanduku na kampuni

Mtu wa pili ni bwana wa genge, na huyu alizaliwa na Bombay nyingine. Januari 1982 wafanyakazi wa viwanda vya nguo, robo milioni hivi, waligoma wakiongozwa na Datta Samant. Mgomo ule haukumalizwa na makubaliano. Ulimalizwa na njaa. Viwanda vingi havikurudi sawasawa, na vitongoji vizima vya watu waliozoea king'ora cha asubuhi vikabaki na vijana wanaokaa barazani. Genge lilipotafuta watu halikutafuta mbali.

Wakati huohuo magendo yalianza kukosa faida. Sheria ya dhahabu ilifutwa mwaka 1990, uchumi ukafunguliwa mwaka 1991, na mwaka 1992 Wahindi wanaorejea kutoka nje wakaruhusiwa kuingia na hadi kilo tano za dhahabu kwa kulipa ushuru. Ukishaweza kupitisha dhahabu uwanja wa ndege mchana kweupe, jahazi la usiku la nini? Magenge yakahamia kwenye kitu ambacho hakihitaji bahari: kumtisha mtu. Wajenzi wa maghorofa, wenye mahoteli, wauza nguo, na punde watengenezaji filamu, wote wakaanza kupigiwa simu. Dawood Ibrahim, mtoto wa polisi wa cheo cha chini, alikuwa ameshakimbilia Dubai tangu katikati ya miaka ya 1980 na kuliendesha genge lake kwa simu. Tarehe 12 Machi 1993 mabomu yalilipuka mfululizo Bombay, watu 257 wakafa. Dawood ndiye aliyetajwa kuwa mpangaji mkuu, na magenge yenyewe yakagawanyika. Baada ya hapo, kumwita mtu wa namna hiyo mfanyabiashara wa magendo kulikuwa mzaha.

Lugha yao ndiyo iliyoingia kwenye filamu kabla ya vitendo vyao, na ina ladha ambayo Mswahili anaionja haraka kuliko Mzungu. Kazi ya kumuua mtu kwa malipo huitwa *supari*, yaani popoo, ileile inayokatwakatwa na kufungwa kwenye tambuu. Zipo simulizi za watemi wa zamani waliokuwa wakiweka tambuu katikati ya baraza, na shujaa anayeiokota ndiye aliyekubali kazi. Kupokea popoo ni kupokea roho ya mtu. Pesa nazo zina majina ya mizigo: *peti*, sanduku, ni laki moja, na *khokha*, kasha, ni laki mia. Laki hiyo ni ileile tunayoitumia tukiuza kiwanja. *Hafta* ni wiki, halafu ikawa ada ya ulinzi inayolipwa kila wiki. Bastola ni farasi. Na kiongozi ni *bhai*, kaka, kwa hiyo unayemwogopa kuliko wote mjini unamwita kwa jina la ndugu yako. Genge lenyewe wakaliita kampuni, bila kucheka.

Simu kwa mtengenezaji filamu

Hapa ndipo mambo yanapojifunga fundo, kwa sababu filamu za majambazi zilitengenezwa na watu waliokuwa wakipigiwa simu na majambazi.

Hadi mwaka 1998 serikali ya India haikuitambua sinema kama tasnia. Maana yake kwa mtengenezaji filamu ilikuwa moja tu: benki haikukopeshi. Alikwenda kwa mfanyabiashara wa almasi, kwa mjenzi wa maghorofa, kwa mtu anayemjua mtu, akachukua pesa kwa riba inayohesabiwa kwa mwezi. Pesa ya aina hiyo haina risiti, na palipo na pesa isiyo na risiti mwenye pesa chafu hujisikia nyumbani. Sinema ilimpa vitu viwili kwa mpigo: pesa yake ilitoka ikiwa safi, na yeye akapiga picha na mastaa kwenye sherehe. Genge lililokuwa Dubai lilitaka hasa haki za kuonyesha filamu nje ya India, kwa kuwa huko ndiko lilikokaa.

Asiyekubali alijua la kutarajia. Tarehe 12 Agosti 1997, Gulshan Kumar, mwanzilishi wa kampuni ya muziki ya T-Series, mtu aliyeanza maisha akiuza juisi ya matunda Delhi na kuishia kuwa mfalme wa kaseti, alipigwa risasi nje ya hekalu alilozoea kuabudu kwenye kitongoji cha Andheri. Januari 2000, wiki moja baada ya filamu ya kwanza ya Hrithik Roshan kutoka na kuvunja rekodi, baba yake Rakesh, aliyeiongoza, alipigwa risasi mbili nje ya ofisi yake. Alipona.

Kisha ikaja kesi ambayo mimi huona ndiyo inayoeleza enzi ile kuliko filamu yoyote. Desemba 2000 polisi walimkamata Nazim Rizvi, mtengenezaji wa filamu iitwayo Chori Chori Chupke Chupke, na mwezi uliofuata wakamkamata mkopeshaji wake, Bharat Shah, tajiri wa almasi. Madai yalikuwa kwamba nyuma ya filamu hiyo kuna genge la Chhota Shakeel, mtu wa karibu wa Dawood, na ushahidi mkubwa ulikuwa simu zilizorekodiwa. Watu wa sinema walioitwa mahakamani walibadili kauli mmoja baada ya mwingine. Preity Zinta, binti mwenye vishimo mashavuni, alisimama na kusema alichokisema mwanzo: alipigiwa simu akadaiwa pesa. Mwaka 2003 Shah alitiwa hatiani kwa kosa la kuwaficha polisi alichokijua, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja, muda ambao alikuwa ameshaukaa rumande.

Na filamu yenyewe ilihusu nini? Mke asiyeweza kuzaa, mume, na mwanamke anayekubali kuwazalia mtoto. Vilemba, sari za harusi, machozi ya bibi. Jambazi akitoa pesa hakutaka kujiona mwenyewe. Alitaka ndoa, familia kubwa mezani, mtoto wa kiume. Sijui kama yupo mtu aliyemwelewa jambazi wa Bombay vizuri kuliko huyo aliyegundua kwamba naye hupenda picha la Kihindi kama shangazi yangu.

Mahakama iliyokuwa jikoni

Sasa turudi kwenye mapenzi. Ukitengeneza filamu Bombay katika miaka hiyo una mahitaji matatu juu ya meza. La kwanza ni nyimbo: kaseti zilileta pesa kabla filamu haijatoka, na wimbo unahitaji wa kuimbiwa. La pili ni familia, kwani tiketi hazinunuliwi na vijana wa vijiweni peke yao. La tatu ni bodi ya ukaguzi, inayofanya kazi chini ya sheria ya filamu ya mwaka 1952, na ambayo haitaki uhalifu utukuzwe wala uhalalishwe. Bodi hii haikuwa na mchezo. Mwaka 1975, wakati wa Hali ya Hatari, Sholay ililazimika kubadilishwa mwisho wake: katika picha ya kwanza mzee Thakur anamuua jambazi Gabbar kwa miguu yake mwenyewe, katika ile iliyoonyeshwa, polisi wanatokea dakika ya mwisho kumwambia aiachie sheria kazi yake.

Kwa hiyo maiti ya jambazi ni ya polisi, kwa karatasi. Tatizo ni kwamba mtazamaji wa Bombay hakuwaamini polisi kama mahakimu, na alikuwa na sababu. Januari 1982 polisi walimuua Manya Surve, jambazi aliyesoma chuo, katika tukio linalohesabiwa kuwa la kwanza la aina yake jijini. Aina hiyo ikapata jina, *encounter*, yaani "kukutana": polisi wanakutana na mtuhumiwa, mtuhumiwa anafyatua risasi kwanza, mtuhumiwa anakufa. Tarehe 16 Novemba 1991, kwenye maghorofa ya Lokhandwala, risasi zilirindima kwa saa kadhaa mchana wa jua kali, majirani wakichungulia madirishani, hadi watu saba akiwemo Maya Dolas wakawa maiti. Baadaye polisi waliokuwa hodari wa kukutana walihesabiwa idadi ya waliowaua kama mshambuliaji anavyohesabiwa mabao. Katika jiji la namna hiyo, polisi akimpiga jambazi risasi kwenye filamu hajatoa hukumu. Amefanya kazi yake tu.

Hukumu, basi, ikahamia nyumbani. Katika Deewaar mama ana wana wawili, Vijay wa magendo na Ravi polisi. Vijay anamrundikia kila kitu, nyumba, gari, watumishi. Mama akijua chanzo cha mali anachukua kifurushi chake na kwenda kukaa kwenye nyumba ndogo ya Ravi. Kila Mhindi anaijua sentensi ambayo Ravi anamjibu kaka yake anayejigamba kwa utajiri, na ni fupi: mimi nina mama. Lakini mimi huganda kwenye dakika nyingine, isiyotajwa sana. Ravi anakwenda kumsaka kaka yake, na ni mama mwenyewe anayempa bastola, akimwombea mkono wake usitetemeke. Akishaitoa anasema mwanamke ametimiza wajibu wake, sasa mama anakwenda kumsubiri mwanawe. Anakwenda hekaluni kusubiri. Hakimu ametoa adhabu ya kifo, kisha amevua joho na kwenda kukaa na wafiwa.

Na mpenzi? Anita, aliyechezwa na Parveen Babi, ana mimba ya Vijay. Wameamua kuoana, Vijay anataka kujisalimisha, na sari nyekundu ya harusi ipo tayari. Maadui wanamuua. Katika miaka ya 1970 mpenzi bado hajapewa kiti cha hakimu. Yeye ni mlango wa kutokea, na mlango huo unafungwa kwa risasi.

Mama aliendelea kuhukumu kwa muda mrefu. Agneepath ya mwaka 1990 inamwonyesha mama akimwambia mwanawe jambazi anawe mikono kabla ya kula, na mwana anaelewa kwamba hasemi habari ya vumbi. Vaastav ya mwaka 1999 ilikwenda hadi mwisho: mama anachukua bunduki na kumuua mwanawe mwenyewe, aliyeharibikiwa na akili kwa hofu. Katika filamu hiyohiyo kuna dakika ambayo watu bado wanaiigiza, jambazi huyo, Raghu, anapomrudia mama yake akiwa amejaa dhahabu na kumwonyesha mkufu wa shingoni: ni halisi, tola hamsini. Hamsini! Zaidi ya nusu kilo shingoni, kwa mama ambaye hakuomba hata pete. Aliyecheza Raghu ni Sanjay Dutt, ambaye wakati huo alikuwa nje kwa dhamana katika kesi iliyotokana na milipuko ya 1993. Mwaka 2006 alitiwa hatiani kwa kumiliki silaha, si kwa ugaidi, akamaliza kifungo chake Februari 2016. Sinema na barabara zilikuwa zimechanganyika kiasi hicho.

Ila tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kiti kilianza kuhama. Katika Parinda ya mwaka 1989 bwana na bibi harusi wanauawa usiku wa harusi yao, kabla hakujakucha. Na mwaka 2006, katika Gangster, ambayo jina lake refu linasema wazi kwamba ni hadithi ya mapenzi, mwanamke ndiye anayemkabidhi jambazi kwa dola. Mama aliwakilisha kule jambazi alikotoka. Mpenzi anawakilisha kule ambako angeweza kwenda. Ndiyo maana hukumu yake inauma zaidi.

Lazima niseme pia kinachonikera. Mpenzi huyu karibu siku zote hajui. Anaishi na mtu anayetoka usiku, anayerudi na pesa, asiyetaja rafiki hata mmoja kwa jina kamili, naye haulizi. Waandishi walimfanya asijue ili abaki safi, na usafi ukamfanya awe kama pazia. Wanawake wa kweli wa dunia hiyo hawakuwa mapazia. Monica Bedi, mwigizaji, alikamatwa Lisbon Septemba 2002 pamoja na Abu Salem, aliyewahi kuwa wa genge la Dawood, na Gangster ilipotoka wengi waliwaona wao ndani yake ingawa waliotengeneza walikana. Sisi wa pwani tulipata yetu: Novemba 2014 Mhindi mmoja, Vicky Goswami, alikamatwa Mombasa pamoja na ndugu wawili wa familia ya Akasha kwa biashara ya dawa za kulevya. Januari 2017 akapelekwa Marekani, ambako alikiri makosa na kuwa shahidi. Magazeti ya Nairobi hayakuchoka kuweka pembeni yake picha ya Mamta Kulkarni, nyota wa zamani wa Bombay aliyehusishwa naye kwa miaka. Mama huyo alikana siku zote kuhusika na dawa hizo, na kesi iliyofunguliwa India dhidi yake ilifutwa na Mahakama Kuu ya Bombay mwaka 2024. Lakini magazeti yalishaamua hiyo ni filamu, na katika filamu mwanamke lazima awe ama mjinga ama mshirika.

Mlango wa Vidya

Filamu inayoyakusanya yote haya ni Satya, iliyotoka Julai 1998. Mwongozaji wake, Ram Gopal Varma, amesimulia kwamba alipopata habari ya kuuawa kwa Gulshan Kumar alijikuta akimwaza muuaji: yule naye asubuhi ile aliamka saa ngapi, alikunywa chai, alimwambia mama yake amwamshe? Ndani ya mwaka mmoja filamu ikawa ukumbini, imeandikwa na Anurag Kashyap na Saurabh Shukla, haina staa mkubwa wa kiume hata mmoja.

Satya anashuka Bombay, na hatuambiwi katoka wapi. Hana mama. Hilo peke yake ni mapinduzi. Ana rafiki, Bhiku Mhatre wa Manoj Bajpayee, anayesimama juu ya mwamba mbele ya bahari na kuuliza kwa sauti nani mfalme wa Mumbai, akijijibu mwenyewe. Bhiku ana mke, Pyari, mwanamke pekee katika aina hii ya filamu ambaye ningependa kumkuta sokoni: anajua kila kitu, anafoka, wanapigana makofi na kucheka. Na mlango wa pili kutoka kwa Satya anakaa Vidya, anayetaka kuwa mwimbaji, baba mgonjwa ndani. Nyimbo zikapata sababu ya kuwepo, kwa maneno ya Gulzar na muziki wa Vishal Bhardwaj, na hata majambazi wakapewa wimbo wao wa kilevi.

Jioni moja Satya anampeleka Vidya sinema. Wamekaa gizani kama wachumba wengine. Mtu wa genge pinzani anamwona Satya na kuwapasha polisi. Milango inafungwa, na watazamaji wanatangaziwa kwamba watatoka kwa mlango mmoja tu, mmoja mmoja, kila sura itazamwe. Vidya hajui wanatafutwa nani; foleni inasogea. Satya anatoa bastola chini chini na kufyatua. Ukumbi mzima unalipuka kwa woga, watu wanakanyagana, na wawili hao wanapenya katikati ya vilio. Nyuma yao wanabaki waliokanyagwa. Sisi tuliokuwa tumejazana kwenye benchi za kibanda chenye mlango mmoja tuligeuka wote kuutazama mlango wetu.

Satya hakuwahi kuogopa kabla ya jioni hiyo, kwa kuwa hakuwa na cha kupoteza. Sasa anacho, na kwa ajili yake wapo watu waliokufa chini ya miguu ya wenzao. Mapenzi yamemfanya binadamu na yamemfanya muuaji mbaya zaidi, kwa risasi ileile.

Mwishoni Bhiku ameuawa na mwanasiasa aliyemtumikia. Satya anamlipizia ufukweni, katikati ya umati wa sikukuu ya Ganesh, ngoma zikilia, sanamu zikishushwa baharini. Anatoka pale amejeruhiwa. Ipo njia ya kutoroka, lakini anataka kwanza kumwona Vidya, ambaye sasa ameshaambiwa ukweli wote. Anafika, anagonga. Anamwita jina, anamsihi afungue, anataka kumweleza. Vidya yupo upande wa pili, analia, tunamsikia. Hafungui. Polisi wanapanda, na risasi zinamuua Satya.

Tulipomaliza kuitazama hiyo, mwenye kibanda alikuwa ameshazoea. Hakuna aliyedai hela. Mtu mmoja tu, wakati tunavaa ndala, aliuliza kwa hasira, "Sasa kwa nini hakumfungulia?" na mama mmoja muuza maandazi, aliyekuwa amesimama mlangoni na beseni lake tangu katikati ya picha, akamjibu bila kumtazama, "Wewe ungemfungulia?"